Udongo wa Kijivu wa Evere

Evere, Bruxelles, 8 Oktoba 2023

Yaya Rolande, dada yangu mpenzi,

Nakusalimu mara tatu: mara moja kwa ajili yangu, ya pili kwa ajili ya mwanangu Bienaimé, na ya tatu kwa ajili ya yule ambaye bado hana jina. Ukifika kwenye hiyo ya tatu, kaa chini kwanza. Utaelewa mbele.

Najua simu haikusaidii tena, masikio yako yamechoka, na ujumbe wa simu wanakusomea watoto wa jirani, wanasoma na yasiyowahusu. Donc nimerudia barua kama zamani. Modeste anakuja huko kila baada ya mwezi mmoja au miwili kwa biashara yake ya vitenge, na amekubali kuwa posta yetu.

Sisi tuko. Magoti yananiuma, lakini kazi sijaacha. Wale wazee ninaowaogesha kila asubuhi wanasema asipokuja Maman Euphrasie, hawaogi. Bustani ya nyuma ya nyumba imenipa mboga za lenga-lenga mpaka friza imekataa kufungwa. Kanisa lote limekula. Mke wa mchungaji alisema hajaona muntu anavuna hivi katika Ulaya. Mimi nilinyamaza tu, lakini wewe unanijua, nilinyamaza na meno nje.

Bon, sasa Bienaimé. Unamkumbuka mtoto uliyemtoa tumboni mwangu kwa mikono yako, kichwa kirefu kama papai? Sasa ni ingénieur wa udongo. Hapa, ukitaka kuuza kiwanja ambacho zamani kilikuwa na mafuta au kiwanda, lazima udongo wake uchunguzwe kwanza, na anayechunguza ni mwanangu. Anatoboa ardhi, anatia udongo kwenye vichupa, anaandika ripoti ya kurasa mia. Wazungu wenye majumba wanasimama kando na makoti yao, wanangoja yeye aseme. Na mimi nilisoma mpaka darasa la sita.

Sasa kaa chini. Mke wake, Graciella, yule msichana wa Lubumbashi, ana mimba ya miezi miwili na nusu. Miaka sita ya ndoa, Yaya, na mimba mbili zilizotoka. Hii imeshika.

Lakini anataka udongo. Analia kwa ajili ya udongo. Alikuwa ananunua pemba kule Matonge, kwenye maduka ya Waafrika, zile donge nyeupe za udongo za kwenye mifuko. Bienaimé alichukua donge moja, akampa rafiki yake wa maabara, wakakuta madini ya risasi ndani, ile inayoharibu damu. Akatupa zote. Akasema nyumbani kwake hakuna muntu atakula tena udongo, wa rangi yoyote. Tangu siku hiyo Graciella hali vizuri. Anakuja kwangu kila Jumatano, anakaa mezani, anatazama sahani. Amepungua uso.

Wewe umezalisha nusu ya mtaa wa Kadutu. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako anayekupenda,
Euphrasie


Bukavu, 12 Novemba 2023

Mdogo wangu Euphrasie,

Barua yako nimeipokea nikiwa mzima, na ile salamu ya tatu niliikalia chini kama ulivyoniamuru. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Huku mvua zimeanza vibaya. Bati la jikoni limeng'oka upande mmoja, fundi ameahidi Jumatatu, hakusema Jumatatu ya mwezi gani. Macho bado yanaona, mikono bado inashika. Juzi waliniita kwa mapacha ingawa nimestaafu, nao wapo, wananyonya.

Kuhusu Graciella, usiogope. Mwanamke anayetaka udongo akinyimwa, chakula kingine hakimpiti. Nimeona mengi hayo katika miaka thelathini na nne. Bienaimé yuko sawa juu ya pemba ya sokoni, huwezi kujua imelala kwenye gunia gani. Lakini udongo si ule mmoja tu. Una bustani. Chimba mwenyewe.

Tafuta mahali ambapo miguu ya watu haikanyagi, karibu na ukuta. Pita udongo mweusi wa juu, ule ni wa minyoo na mbolea. Pita na wa njano. Utakuta wa kijivu, unaoshikamana kama bukari ya mahindi iliyoiva. Huo ndio. Ukande, ufanye vijiti vya urefu wa kidole, uanike, kisha uoke mpaka ukikigonga kimoja juu ya kingine kinalia kama kisahani. Usimpe kibichi hata akikuomba kwa machozi. Kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Bienaimé usimwambie. Hata daktari wetu mkuu, Mungu amrehemu, nilikuwa simwambii. Mambo ya tumbo yana wenyewe.

Yaya wako,
Rolande


Evere, 17 Desemba 2023

Yaya wangu, fundi wa mafundi,

Pokea salamu zenye harufu ya keki, maana tunakaribia Noeli na mimi ndiye niliyechaguliwa kuoka kwa kanisa zima. Walikuwa watatu wanaoitaka kazi hiyo. Sitakutajia majina ya walioshindwa.

Nilichimba. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mwenye magoti haya, nilichimba kwa siku tatu pembeni ya ukuta unaotutenganisha na ile garage ya zamani. Nilikutana na mweusi, nikapita. Nikakutana na wa njano, nikapita. Niliposimama ndani ya shimo nalo limenifika kiunoni, nikakuta wa kijivu. Yaya, ni kama ulikuwa umeuona. Laini, unateleza kidoleni kama uliopakwa mafuta. Nimeukanda, nimeuanika juu ya radiateur inayopasha nyumba joto, nimeuoka. Hata mlio umefika, ting, ting.

Nilimpa Graciella kimoja. Alikinusa kwanza, akafumba macho. Akaniambia, "Maman, inanuka taa ya koko wangu ya Likasi." Ile taa ya mafuta ya bibi zetu, unaikumbuka, ya kupeperusha moshi. Na kweli ina harufu hiyo, kwa mbali sana. Akala, akalia, akaomba sahani ya sombe, majani ya muhogo, akamaliza. Tangu hapo uso umemrudi. Ninamwekea kwenye kopo la maziwa ya unga, anaondoka nalo kila Jumatano ndani ya mkoba. Ile garage mume wake hajui. Nataka kusema, ile habari ya udongo mume wake haijui. Naandika huku natazama tanuri.

Na sasa ngoja nikuambie habari ya kunifurahisha mpaka nimeipeleka kanisani kama ushuhuda. Garage hiyo ya jirani ilikuwa ya Mbelgiji mmoja mzee, Jérôme. Zamani alikuwa anauza na essence, mafuta ya magari, barabarani, matangi yake yalikuwa chini ya ardhi. Alikufa, watoto wake wanauza, watu wanataka kujenga appartements. Na kampuni iliyopewa kazi ya kuchunguza udongo ni ya nani? Ni pale anapofanya kazi Bienaimé. Mwanangu atakuja Januari kufanya kazi kwenye ukuta wa mama yake, na kofia yake ya plastiki. Nitapikia timu yote. Watajua alilelewa na nani.

Ninakukumbatia,
Euphrasie


Evere, 28 Januari 2024

Yaya Rolande,

Salamu. Sisi ni wazima, au nasema hivyo. Baridi ni kali. Jibu lako la barua yangu ya Desemba halijanifikia bado, Modeste amekwama Kigali. Siwezi kuingoja. Hii anakuletea binti wa kanisani aitwaye Patience, anapanda ndege kesho.

Walikuja. Siku ya kwanza nilitembea kifua mbele. Wanaume wanne na mashine ya kutoboa, na katikati yao mwanangu, wanamuuliza hapa au pale, naye ananyoosha kidole. Niliwapelekea mikate ya nyama na chai ya tangawizi, wakala wamesimama. Nilimuuliza mmoja kama boss wao ni mkali. Akasema ni mkali lakini hakosei.

Siku ya tatu nilimwona Bienaimé ameshika udongo uliotoka kwenye bomba lao la chuma. Ulikuwa wa kijivu, Yaya. Ule ule. Aliweka juu yake kimashine kidogo kinachonusa hewa kuliko pua ya muntu, na namba zikapanda. Nilikuwa juu ya kiti changu cha jikoni, nachungulia juu ya ukuta na thermos mkononi. Nilimuuliza kwa mzaha, "Na huu nao ni mgonjwa?" Akanijibu bila kugeuka, "Huu ni mugonjwa sana, Maman. Usisogee."

Jioni alikuja kunieleza, taratibu, kama anavyowaeleza wenye viwanja. Kuna matangi matatu chini ya ile garage. Mawili ni mazima. La tatu bomba lake lilitoboka, labda miaka thelathini iliyopita, na bomba hilo limepita kando ya ukuta wangu. Essence ilikuwa inatoka kidogo kidogo, hakuna aliyeona. Imeingia kwenye udongo, imefika kwenye maji ya chini, na maji yanatembea. Nilimuuliza yanatembea kwenda wapi. Akanyoosha kidole kwenye bustani, kisha kwenye friza yangu.

Ninaogopa kuandika mstari unaofuata.

Akasema lazima watoboe na kwangu. Alizunguka bustani peke yake na daftari. Alifika nyuma ya kibanda cha majembe. Nilikuwa nimelifunika shimo kwa ubao na majani makavu. Aliondoa ubao. Alisimama pale muda wa mtu kusali Baba Yetu mara mbili, halafu akaniita.

"Maman, hapa nani alichimba?"

Nikamwambia nilitaka kupanda mugomba. Yaya, mugomba, Januari, katika Ubelgiji. Alinitazama. Akaangalia kina cha shimo. Akasema, "Na ile udongo ulitoa, uliiweka wapi?" Nikamwambia nilimwaga kwenye maua. Akaandika kitu kwenye daftari, akafunika ubao, akanibusu kwenye paji la uso na kuondoka.

Nilikaa sakafuni jikoni.

Graciella nimemwambia tanuri imeharibika. Sijamwambia zaidi. Wewe unayejua matumbo, niambie kwamba haina kitu. Niambie moto unaua kila kitu. Niandikie haraka.

Euphrasie


Bukavu, 20 Januari 2024

Mdogo wangu Euphrasie,

Salamu za mwaka mpya, na Mungu aujaze mwaka huu kilio cha mtoto ndani ya nyumba zenu. Fundi wa bati alikuja, akaezeka, mvua ikaja, bati likabaki. Nimemwandika kwenye orodha ya miujiza.

Barua yako ya Desemba ilinichekesha peke yangu. Wewe na majina ya walioshindwa! Na huo udongo umeupata sawasawa. Laini, unateleza, umelia ting. Hiyo harufu ya taa isikusumbue, udongo wa ndani una harufu zake, na mwenye mimba anapenda harufu kali kuliko chakula chenyewe. Kama uso umemrudi, usipunguze. Sasa anaingia mwezi wa sita, mtoto anajenga mifupa. Unaweza kumpa vitatu kwa siku.

Tena nataka kukusaidia. Nitachimba pemba ya huku, nimtumie kilo mbili, mkwe ale ya kwao. Modeste akija tena nitampa.

Bienaimé mpe busu la mama mkubwa. Nilijua tangu anatoka na kichwa kile kwamba kitajaa vitu.

Yaya wako mwenye furaha,
Rolande


Evere, 25 Februari 2024

Yaya,

Mungu akulinde na akuweke. Barua yako ya tarehe ishirini Januari imenifikia juzi. Najua uliiandika kabla hujapata yangu. Najua. Lakini nilipofika pale uliposema vitatu kwa siku, niliiweka chini ya godoro kama muntu anayeficha kisu.

Sasa sikiliza mambo yalivyo.

Majibu ya maabara yametoka. Bienaimé alinionyesha ramani: garage, ukuta, bustani yangu. Kwenye ramani kuna doa jekundu lenye umbo la ulimi. Ncha ya ulimi imelamba mpaka kwenye kibanda changu cha majembe. Aliniambia jina la kitu kilicho ndani ya essence, nikamfanya alirudie, benzène. Nilimuuliza kinafanya nini kwa muntu. Akasema kinategemea kiasi gani, na kwa muda gani, na kama ni kwa kupumua au kwa kumeza. Halafu akacheka kidogo. "Lakini Maman, nani atameza udongo?"

Nilikuwa ninaosha sahani, sikugeuka. Nilihisi anautazama mgongo wangu. Sijui alikuwa anawaza nini. Nilifungua maji kwa nguvu.

Siku hiyo alitoa lenga-lenga yote kwenye friza, mifuko arobaini na mmoja, akaitia kwenye mifuko myeusi. Nilimsaidia kubeba. Mama mwenye bustani iliyolisha kanisa zima. Jumapili watu wakiniuliza mboga, nasema panya waliingia.

Sasa ubaya wenyewe. Graciella alipigwa picha ya tumbo. Mtoto ni mdogo kuliko miezi yake. Daktari akamuuliza anavuta sigara? Hapana. Anafanya kazi kwenye dawa, kwenye rangi? Hapana. Anakula nini? Nilikuwa nimekaa pembeni nimeshika koti lake. Alinitazama. Mimi niliitazama zipu ya koti. Akasema, "Nakula vyote." Bienaimé alikuwa anaandika kila neno la daktari kwenye simu yake.

Ndani ya tram nikamuuliza kwa sauti ya chini kama bado kuna vijiti. Akasema vilivyobaki kumi na viwili anavila nusu nusu, visiishe. Kumbe tangu tanuri yangu "iharibike" hakuacha hata siku moja. Nikamwambia, leta kopo, leo hii. Akaniuliza kwa nini. Nikasema daktari anaweza kupima damu akajua, atamwambia mumeo. Hivyo ndivyo nilivyomdanganya. Kopo liko kwangu sasa. Nimeliweka juu ya kabati, nalo linanitazama.

Nikisema, nimemuua mama ndani ya moyo wa mwanangu. Nisiposema, daktari anatafuta gizani. Wewe ndiye muganga. Amua wewe.

Euphrasie


Bukavu, 19 Machi 2024

Euphrasie,

Nakusalimu. Tupo.

Barua zako mbili zilinifikia siku moja, ya Januari na ya Februari, kwa mikono ya Modeste, maana yule binti Patience alikawia Kigali akamwachia yeye. Nilizisoma moja baada ya nyingine, kisha nikazisoma tena. Wiki nzima sikuandika. Nilikuwa nawaza ni mimi niliyesema kijivu. Ni mimi niliyesema karibu na ukuta. Wewe ulishika jembe, lakini ulimi wangu ndio uliochimba lile shimo, kutoka Bukavu.

Unaniambia niamue. Nimeamua. Mwambie Bienaimé. Mwambie yeye kwanza, kisha daktari, na Graciella awepo. Usipambe. Useme kina, useme idadi, useme tarehe. Nilizalisha wanawake maelfu, na waliokufa mikononi mwangu wengi ni wale ambao muntu mmoja ndani ya nyumba alijua kitu akanyamaza. Majina yao ninayo.

Kama Pasaka itafika hujasema, nitamwandikia mwenyewe. Sikutishi. Nina anwani yake ya kazi, uliniandikia wewe kwa kujisifu.

Unauliza kama moto unaua kila kitu. Sijui. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukuandikia neno hilo.

Jambo moja jingine. Pemba niliyokuahidi nilikwisha kuichimba na kumpa wakala wa mizigo wa Modeste, imeshaondoka, siwezi kuirudisha. Ikifika, usimpe Graciella. Huku wanawake bado wananiuliza, na mimi nawaambia wangoje. Hapo ninapochimba nimechimba miaka thelathini na nne. Sikuwahi kuuliza zamani palikuwa na nini.

Rolande


Evere, 12 Mei 2024

Yaya Rolande,

Pokea salamu za watu wanne, na safari hii kila mmoja ana jina. Mjukuu wako anaitwa Sephora. Alizaliwa tarehe kumi na tisa Aprili, kilo mbili na gramu mia nne, nywele nyingi, hasira za Bienaimé. Aliwekwa siku sita ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto. Sasa yuko nyumbani kwao, Laeken. Ananyonya. Nimeanza na yeye ili usome mengine ukiwa umepumua.

Barua yako ilifika Alhamisi Kuu. Ijumaa nilichukua kopo kutoka juu ya kabati, nikalifunga kwenye kitambaa, nikapanda bus, nikapanda tram. Nilitamani tram iharibike. Haikuharibika, hapa haziharibiki siku unapotaka.

Walikuwa wote wawili. Sikuvua koti. Niliweka kopo mezani mbele ya mwanangu nikamwambia hakuna mugomba. Nikasema kama ulivyoniagiza, bila kupamba: nilichimba mpaka kiunoni, nilioka mara nne, nilimpa Graciella kuanzia tarehe sita Desemba, yeye hakujua udongo umetoka ukutani, alidhani nimeununua. Hilo la mwisho lilikuwa uongo, Yaya, nilitaka kumwokoa. Graciella akasema, "Hapana. Nilijua ni wa bustani. Ni miye niliomba."

Bienaimé alifungua kopo. Alinusa. Nilimwona anakuwa mtoto, halafu anakuwa mzee, kwa dakika moja. Nilingoja anifukuze. Alitoka nje, tukasikia mlango wa gari. Graciella alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, mimi niliogopa hata kumgusa. Akarudi na glavu na chupa mbili za kioo. Akatia vijiti viwili kwenye chupa ya kwanza. Kwenye ya pili akatia donge bichi nililokuwa nimelisahau chini ya kopo. Akaanza kuniuliza kwa sauti ile anayowauliza wenye magarage. Kina gani. Vingapi kwa siku. Tanuri digrii ngapi, saa ngapi. Nilijibu moja moja. Mahali ambapo kwenye karatasi ya chupa huandikwa jina la mwenye kiwanja, aliandika: Maman.

Jioni hiyo hiyo walikwenda hospitali. Sikuitwa.

Kwa wiki sita mwanangu hakuongea na mimi. Hakunikataza nyumba, hapana, hakunitukana. Habari za mtoto zilipitia kwa Graciella. Nikija anatoka kwenda kununua kitu. Madaktari wamesema wanaweza kumfuata mtoto, damu yake, mpaka atembee, lakini hakuna anayeweza kuapa kama udogo wake umetokana na vijiti au na kitu kingine. Huo ndio mzigo wangu. Nikimshika namhesabu vidole kila mara. Vipo kumi, nahesabu tena.

Jana, Jumamosi, Bienaimé alikuja Evere peke yake na karatasi. Hakukaa. Akanisomea. Kwenye donge bichi namba ilikuwa mbaya, alinisomea mara mbili. Kwenye vijiti vilivyookwa ilikuwa ndogo, ndogo sana, lakini si sifuri. Akasema moto wangu uliondoa benzène nyingi. Nilitaka kushangilia, Yaya, nilitaka kukuimbia wewe na ting ting yako. Lakini yeye alikuwa anatazama tanuri. Akatazama dirisha. Akasogea akaligusa lile dirisha kwenye kishikio.

"Maman, ile iliyotoka mu udongo, iliingia wapi?"

Sikuelewa.

"Wakati ulikuwa unaoka. Dirisha ilikuwa wazi?"

Nikamwambia ilikuwa Desemba, mwanangu, baridi, nilifunga. Nilikaa hapo mbele ya tanuri kwa saa nyingi, nikinusa kama kwetu.

Alivuta kiti, akakaa. Akaweka uso kwenye mikono yake mikubwa. Sikumsikia akilia, niliona mabega tu. Kisha akaniambia Jumatatu saa mbili atakuja kunichukua, twende nipimwe damu, nisile kitu asubuhi. Nikasema Jumatatu nina wazee wangu wa kuogesha. Akasema, "Maman," basi, neno hilo moja, na mimi nikakubali. Naogopa Jumatatu. Naogopa kuliko nilivyoogopa kopo. Lakini nitakuwa mlangoni saa moja na nusu, nimevaa ile gauni ya bluu.

Alipokuwa bado ameketi, kengele ikalia. Alikuwa Modeste na mzigo wako. Kilo mbili za pemba, ndani ya gazeti, umefunga kwa kamba na mafundo yako yale ya hospitali. Mkono wangu ulitaka kuusukuma nyuma ya mlango. Ulikwenda wenyewe, Yaya, nusu ya njia. Nikaurudisha. Nikauweka mzigo katikati ya meza, mbele yake.

Alifungua mafundo bila kuyakata. Alinusa kwa muda mrefu. Halafu akatoka kwenda kwenye gari, akarudi na chupa ya tatu, na kalamu. Akaniuliza kina gani, na zamani palikuwa na nini mahali hapo.

Nikamwambia huo si wangu, amuulize Maman Mkubwa.

Donc uandike. Ulichimba wapi, mpaka goti au mpaka kiuno, na ni nani aliyekaa hapo kabla yenu. Usipambe. Ameacha karatasi ya chupa haijajazwa, ipo hapa jikoni, dirishani, ambapo nimeacha wazi.

Koko wa Sephora,
Euphrasie